Kwa Nini Liyongo Hakuzivunja Pingu?

Jioni moja ya mwezi uliopita nilikwenda dukani kununua chumvi na kiberiti, nikakuta vijana wawili wamekamatana mashati mbele ya kibanda umiza. Hapa kwetu Rungwa, kijiji kilichoketi kando ya barabara itokayo Itigi kwenda Makongolosi, kukamatana mashati huwa na sababu zinazojulikana: ng'ombe kaingia shambani, deni halijalipwa, au mchumba wa mtu kaonekana mahali asipotarajiwa. Niliweka kikapu chini, nikauliza kwa sauti ile niliyoitumia darasani zaidi ya miaka thelathini: kulikoni? Wakaachiana upesi. "Shikamoo Mwalimu." Nikaitikia. Mmoja wao alikuwa mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayesoma kidato cha pili. Nikaambiwa ugomvi wenyewe ulihusu Superman na Hulk: wakipigana, nani atashinda?

Ningeweza kucheka nikaenda zangu. Lakini mjukuu wangu alikuwa na machozi, na mtoto wa miaka kumi na mitano hatoi machozi hadharani kwa jambo dogo. Nyumbani, nikiwa nachambua maharage, alinionyesha daftari lake la hisabati. Kurasa za nyuma amechora majedwali. Kila shujaa ana mstari wake, na kila mstari una tarakimu: nguvu, kasi, akili, zote kwa mia. Tarakimu za nguvu zimefutwa na kuandikwa upya mara nyingi hata karatasi imetoboka.

Hapo ndipo nilipoelewa kilio chake. Hazitulii. Spider-Man, aliniambia, katika hadithi ya mwaka 1985 alimpiga Firelord mpaka akazimia, na huyo Firelord ni mjumbe wa Galactus, jitu linalokula sayari. Lakini katika hadithi nyingine Spider-Man huyohuyo hutolewa jasho na wezi wa mtaani wenye marungu. Hulk alipoanza mwaka 1962 alikuwa wa kijivu, kisha akawa wa kijani, na nguvu zake hupanda kadiri anavyokasirika, sasa utamwandikia ngapi? Superman naye alipozaliwa mwaka 1938 hakuwa na uwezo wa kupaa. Alikuwa akichupa tu juu ya majengo, akitua, akichupa tena. Miaka ikapita, wakamwacha apae.

Hapo nilimkatiza, maana mwalimu wa lugha haachi kitu kama hicho kipite. Nilimwambia kwamba katika Kiswahili Superman hakubadilika hata kidogo. Panzi huruka, ndege huruka. Kitenzi kimoja chatosha kwa wote wawili. Waandishi wa Marekani walihitaji miaka kadhaa kumvusha shujaa wao kutoka kuruka mpaka kuruka, na sisi tusingeliona hata daraja lenyewe. Alicheka kidogo, akafuta machozi kwa kola.

Kisha nikafanya kosa la wazee. Nikasema: mashujaa wetu hawako hivyo. Nikasema mashujaa wa kwetu wana kipimo, kwa kuwa wametungwa na watu waliojua wanachokisema, hawakuuzwa gazetini kila wiki kwa senti kumi.

"Nani kwa mfano, Bibi?"

"Fumo Liyongo."

Akafungua ukurasa mpya, akapiga mistari kwa rula, akaandika jina. "Haya, nisimulie."

Malenga wenzangu mnaosoma hapa hamhitaji kusimuliwa, lakini vumilieni, maana nataka mwone alichokiona yeye. Nilimfuata Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyeutunga utenzi wake mwaka 1913. Nilimwambia jinsi Wagala walivyofika Pate, na Sultani akawasifia Liyongo, nao wakataka kumwona kwa macho. Nikamweleza safari ya siku nne kutoka Shaka aliyoimaliza kwa siku moja. Nikamweleza mkoba aliobeba, uliosheheni kinu na mchi, vyungu na jiwe la kusagia, mpaka mafiga ya kupikia. Nikamweleza panda alizozipuliza zikapasuka, na watu walivyopagawa kwa mlio wake. Kalamu ya mjukuu wangu ilikuwa inakimbia. Nguvu: tisini na tano. Akafuta. Tisini na nane.

Nikaendelea na makoma. Watu wa msituni waliahidiwa reale mia wakilileta kichwa chake, wakala naye kikoa cha makoma, kila mtu akwee siku yake, ili zamu yake ikifika wamtungue kwa mishale akiwa juu ya mti. Naye zamu yake ilipofika hakukwea. Aliyaangusha makoma kwa mshale kutoka chini. (Neno kikoa, kwa maana ya kula kwa zamu, mjukuu hakulijua. Nilimwandikia pembeni. Naona aibu kwamba limekaribia kutupotea ilhali tunakula hivyo kila msiba.) Akili: tisini.

Kisha nikafika gerezani. Liyongo amenaswa kwa hila ya ngoma, amefungwa pingu na minyororo, walinzi wamemzunguka. Mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada. Walinzi wanakila kilicho kizuri, wanamwachia makombo. Basi anatunga wimbo. Anauimba mbele ya walinzi wenyewe, nao hawaambui kitu. Saada anaufikisha kwa mama. Mama anaelewa: unatakiwa mkate wa wishwa, na ndani yake tupa. Walinzi wanauona mkate mbaya wa pumba, wanaudharau, wanaupitisha. Usiku wa gungu, ngoma na matari vinalia, waimbaji wanaitikia, naye anaikereza minyororo kwa tupa chini ya kelele zile.

Kalamu ilisimama.

"Bibi. Mtu aliyepasua pembe kwa pumzi, aliyebeba kinu na mafiga kutoka Shaka mpaka Pate kwa siku moja. Kwa nini hakuzivunja pingu kwa mikono?"

Niliacha maharage. Swali hilo nilikuwa nimelisikia kabla, neno kwa neno.

Ilikuwa mwaka 1994, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunasoma utenzi, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa dawati la tatu karibu na dirisha alinyoosha mkono akauliza hivyohivyo. Darasa likacheka, likanigeukia. Mimi sikuwa na jibu, nami wakati ule nilikuwa wa walimu wanaoona kutokuwa na jibu ni kuvuliwa nguo. Nikamwambia akae chini. Nikamwambia mtihani hautauliza mambo ya kitoto, utauliza dhamira na maudhui. Katika insha yake ya wiki ile alilirudia swali, kurasa mbili nzima, kwa hoja zilizopangwa vizuri kuliko nilivyozoea kuona. Nilimpa sita kwa kumi, nikaandika kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada." Hakunyoosha mkono tena muhula ule.

Kwa hiyo jioni ile nilikuwa nimeulizwa mara ya pili.

Jibu la kwanza lililonijia ni lile la wasomi: masimulizi ya Liyongo yamepita vinywani mwa watu wengi kabla ya kumfikia Kijuma, na kila kinywa kiliongeza chake. Ni kweli. Hata zama zake zina ubishi. Wataalamu wanatofautiana kwa karne kadhaa. Wapo wanaosimulia kuwa aliyemuua ni mwanawe, wapo wasemao ni mpwa. Edward Steere alichapisha kisa chake cha nathari mwaka 1870, miaka arobaini na mitatu kabla ya utenzi. Basi mtu aweza kusema: pembe zilitoka kwa msimulizi huyu, pingu kwa yule, na hakuna aliyekaa kuzipatanisha.

Siliamini jibu hilo. Kijuma hakuwa mtu wa kushona viraka asivyoviona. Alikuwa mwandishi wa hati, mchonga mbao, mtu wa ngoma. Aliyezoea kuchonga mlango wa Lamu anajua ua hili linakutana vipi na lile. Kama angeliona kasoro pale gerezani, ubeti mmoja wa mishororo minne ungetosha kuiziba: angesema pingu zile zilikuwa za chuma cha ajabu, au kwamba Liyongo alidhoofishwa kwa dawa. Hakusema. Alipaacha wazi.

Jibu la pili ni la rika langu. Tulipokuwa walimu vijana tulibishana chumba cha walimu juu ya Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Tangu Kufa na Kupona ilipotoka mwaka 1974 Gamba alikuwa ametuteka, na Joram alipoingia sokoni nchi iligawanyika. Nani angemkamata mwenzake? Mwenzangu mmoja wa jiografia alikuwa na kauli aliyoitumia kufunga kila ubishi: "Steringi hafi." Yaani usitafute sababu, mwandishi anamhitaji kesho, basi leo risasi zitamkosa. Kwa kipimo hicho Liyongo alihitaji tupa kwa sababu hadithi ilihitaji tupa. Lakini huyu steringi alikufa. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni usingizini, na aliyemchoma ni damu yake. Kauli ya mwalimu wa jiografia haikumfikia.

Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu Mkwawa, mjini Iringa, tulipelekwa Kalenga kuliona fuvu la mtemi mwenyewe, lile lililorudishwa mwaka 1954. Tangu utotoni nilikuwa nimesikia habari zake. Mwaka 1891 pale Lugalo alikifyeka kikosi cha Wajerumani pamoja na kamanda wao. Mwaka 1894 ngome yake ya Kalenga ikavunjwa kwa mizinga. Mwaka 1898 akajipiga risasi ili wasimkamate akiwa hai. Nilitarajia nini sijui. Nilikuta fuvu la ukubwa wa fuvu. Mwenzangu mmoja alinong'ona, "Kumbe mdogo hivi," nami nikamkanyaga mguu, huku na mimi nikiwa nimewaza hayohayo.

Na hapa kwetu Ukimbu tulikuwa na Nyungu ya Mawe, aliyezitiisha himaya za Wakimbu katika miaka ya 1870 akiwa na ruga-ruga wake. Jina lake ni chungu cha mawe: chungu kisichovunjika. Tukiwa watoto tulibishana juu yake na Mirambo kama mjukuu wangu anavyobishana juu ya Hulk. Hakuna aliyetuambia kwamba wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1884, Mirambo kwa ugonjwa wa koo, na kwamba aliyeshika kiti cha Nyungu ni binti yake, Mgalula. Chungu cha mawe kilirithiwa na mwanamke, na katika ubishi wetu wote hakuna mtoto aliyewahi kumtaja.

Yote haya niliyapitisha kichwani huku mjukuu akinisubiri. Sikuyasema. Badala yake nilijikuta nimeanza kumsimulia baba yangu.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Watu wa miombo mnajua kazi ile. Alikuwa na mizinga ya magome na ya magogo, ametundika juu ya mininga na miyombo katika eneo ambalo mtu huchukua siku mbili kulizunguka. Alikwea kwa kamba moja aliyoisuka mwenyewe, kifua wazi, mwenge wa moshi ukining'inia, na nyuki walipomvaa hakuharakisha. Alishuka na asali akaibeba kwa mzega, debe moja mbele na jingine nyuma, akaja nayo nyumbani pasipo kutua. Siku moja alirudi na mguu wa swala aliokuwa amewanyang'anya mbwa mwitu. Mimi nilikuwa na hakika, kama watoto wanavyokuwa na hakika, kwamba hakuna kitu duniani kinachomweza. Kama ningekuwa na daftari la mjukuu wangu ningemwandikia mia, wala nisingefuta.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka kumi na minne. Ndio mwaka wa kuhamia vijijini. Amri ilifika kwetu kwamba kaya zote zilizotawanyika porini zihamie barabarani, na siku ikatajwa. Wako waliohama kwa furaha, maana shule na zahanati vilikuwa huko. Sitaki kuandika hapa kana kwamba kilikuwa kilio kitupu. Mimi mwenyewe bila shule ile nisingekuwa mwalimu. Lakini kaya yetu haikutaka, kwa sababu mizinga haihami.

Asubuhi lori lilipofika, lilikuja na kijana wa mgambo, si mtu wa kwetu, mdogo kuliko kaka yangu. Alimwita baba "wewe mzee." Alimwambia abomoe paa mwenyewe, ili asije akarudi. Nilikuwa nimepakata kuku. Nikamtazama baba, nikingoja. Nilikuwa nangoja kama mtu anavyongoja kwenye kibanda umiza: sasa hivi, sasa hivi atafanya kitu.

Baba alisema, "Haya, mwanangu." Akapanda juu ya nyumba, akaanza kutoa nyasi.

Sikumsamehe kwa muda mrefu. Nilijua nguvu zake, nilikuwa nimeziona. Kwa hiyo niliamua kwamba nilidanganywa, kwamba zile nilizoziona porini hazikuwa nguvu, bali mazoea tu, na kwamba baba yangu alikuwa mtu mdogo. Nilikwenda shule ya bweni na wazo hilo, nikalibeba mpaka chuoni. Nadhani nililibeba mpaka siku ile ya 1994, nilipomwambia mtoto akae chini. Swali lake lilikuwa la Liyongo, na mimi nilimwona baba yangu juu ya paa.

Mama aliniambia kilichotokea mimi nikiwa tayari na watoto wawili. Usiku wa kuamkia siku ile walikesha. Baba alikuwa amenoa panga. Mama hakumwomba asipigane, alimwuliza tu, "Ukishachukuliwa, nani atatwekua mizigo kwenye lori? Mimi na hawa sita?" Hakusema zaidi. Kisha asubuhi, wakati baba yuko juu ya paa na kijana yule anahesabu vyombo, kwa kuwa lori lilikuwa moja na mizigo iliambiwa iwe michache, mama aliifunga ile kamba ya kukwelea ndani ya gunia la pumba za uwele. Kijana aliligusa lile gunia kwa mguu. Akauliza pumba za nini. Mama akasema za kuku. Likapanda.

Kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata baba alirudi kwenye mizinga yake kwa miguu, kila msimu, akiondoka usiku na kurejea usiku. Mahitaji yangu ya kidato cha kwanza yalitoka katika gunia lile.

Nilipofika hapo nilinyamaza. Mjukuu alikuwa ameshika kalamu lakini haandiki.

"Kwa hiyo," alisema taratibu, "Liyongo aliweza kuzivunja, ila hakutaka?"

Nilikuwa karibu kusema ndiyo. Ni jibu zuri, lina heshima, na lingemfariji. Lakini hakuniacha nivute pumzi: "Ila kama aliweza, mbona aliagiza tupa?"

Ni kweli. Mtu anayeweza kuvunja haagizi tupa. Hakuweza. Wala baba hakuweza. Panga lilikuwa limenolewa, na hakuweza. Ilibidi nirudi kwenye utenzi na kuusoma tena usiku ule kwa taa ya sola, kwa miwani ambayo nayo imepungua nguvu, nikimfuata Liyongo mahali kwa mahali. Nikaona jambo ambalo ningelipaswa kuliona miaka thelathini iliyopita, kama ningemwacha yule mtoto azungumze.

Mahali Liyongo alipo na nguvu zisizo na kifani, yuko peke yake au yuko mbele ya wageni. Njiani kutoka Shaka yuko peke yake. Mbele ya Wagala anapuliza pembe, nao si watu wake. Chini ya mkoma anakula na watu waliolipwa wamuue. Mahali nguvu zinapomwishia, kila mara pana mtu wake. Gerezani pana mama na Saada. Usingizini pana mwanawe, aliyetumwa aulize ni kitu gani kinachomdhuru baba yake. Naye Liyongo, aliyeishinda hila ya makoma, anaing'amua na hii, kisha anamjibu kweli. Hata baada ya kuchomwa, akiwa amepiga goti na upinde wake karibu na kisima, amekwisha kufa na mji mzima hauthubutu kwenda kuteka maji, anayeletwa kumbembeleza ni mama yake. Aliyewazuia watu kwa maiti yake hakuwa na kitu cha kumzuilia yeye.

Sidhani Kijuma alisahau kupatanisha hesabu. Mshairi aliyetaka shujaa wa kuvunja pingu alikuwa naye tayari. Angemwacha azivunje, na Saada asingehitajika, wala mama, wala wimbo. Sisi watu wa mashairi, kwa ubinafsi wetu, tulipaswa kuwa wa kwanza kushukuru: angekuwa na mikono ya kutosha, Liyongo asingetunga.

Na lugha yetu ilikuwa imeshatueleza. Angalieni neno lenyewe. Tunasema nguvu zake, nguvu nyingi, nguvu zimemwishia. Tunalipatanisha kama kitu kilicho kingi tangu mwanzo. Msemaji wa kawaida hasemi mtu fulani ana nguvu moja. Nguvu moja husikika pale watu wengi wanapoungana, na washabiki wa Simba wananielewa. Daftari la mjukuu wangu lilitaka kila shujaa awe na yake, moja, yenye tarakimu, isiyobadilika akiwa njiani au akiwa na mama yake. Mimi nilimtaka baba yangu awe nayo hiyo.

Asubuhi nilimweleza mjukuu niliyoyaona. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo silo nililotazamia: "Saada je? Walinzi wangeupasua ule mkate, nani angekufa kwanza?"

Saada, bila shaka. Sultani angemtafuta mama kesho yake; Saada angeuawa palepale mlangoni, mkate ukiwa mkononi. Na alijua kilichomo, kwa sababu wimbo ulipita kinywani mwake kwanza. Nimefundisha utenzi huu kwa miaka mingi, nimetunga maswali ya mtihani juu yake, nimesahihisha majibu yasiyo na idadi juu ya ushujaa wa Liyongo, na sikuwahi kumpa mwanafunzi swali hata moja juu ya kijakazi. Sikumbuki ubeti wowote unaosema alipata nini baadaye.

Mjukuu wangu amemwongezea mstari katika jedwali, kati ya Liyongo na Superman. Kasi hakuandika kitu. Akili ameandika tisini na tano, yaani zaidi ya Liyongo kwa tano. Safu ya nguvu ameiacha tupu, na safari hii hakufuta. Amelipeleka daftari kwa yule rafiki yake waliyekamatana mashati, na tangu juzi wanabishana upya kibandani. Nimesikia kwa mbali jina la Saada likitajwa pamoja na la Hulk. Mwenye kibanda amelalamika kwangu kwamba wanawazuia wateja wasisikie filamu.

Kamba ya baba ninayo. Imekakamaa, haifai tena kukwelea hata mpapai, na bado pumba chache zimekwama kwenye masongo yake.

Na wewe uliyekaa dawati la tatu karibu na dirisha, mwaka 1994: sasa una miaka karibu hamsini, na sijui kama unasoma mashairi. Hukutoka nje ya mada. Zile alama nne nazirudisha.